Bei za hisa ziingie zenyewe kwenye shiti ya kikundi

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Tukuyu. Mwaka jana tulichukua sehemu ya akiba tukanunua hisa za benki za CRDB na NMB, na kila kikao wanachama wanauliza zimefika shilingi ngapi. Bei naziandika kwa mkono kwenye Google Sheets. Basi mtu anachungulia simu yake, anasema, "Katibu, hiyo ya zamani," na kelele zinaanza. Nilielekezwa fomula ya GOOGLEFINANCE, lakini inaniletea #N/A tu. Nifanyeje bei ziingie zenyewe, papo kwa papo?
Katibu, Tukuyu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ugonile na huko kwenye mvua yenu isiyokatika.

Fomula uliiandika sawa. Tatizo ni kwamba GOOGLEFINANCE inafuata masoko yaliyomo kwenye orodha ya Google, kama New York na London, na Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) halimo. Wala usiendelee kubahatisha vifupisho vya majina ya hisa. Ukiandika kifupisho bila kutaja soko, Google inachagua soko yenyewe, na unaweza kuletewa bei ya kampuni nyingine kabisa, kwa dola, kikundi kikashangilia utajiri hewa. Hata hizo bei za New York zinaweza kuchelewa hadi dakika 20. Mimi fomula hiyo naitumia kwa dola tu, =GOOGLEFINANCE("CURRENCY:USDTZS"), kwa wateja wangu wa kahawa wa Mbozi.

Kwa hisa za Dar, tumia IMPORTHTML, fomula inayovuta jedwali kutoka ukurasa wa mtandao. Kwanza tafuta ukurasa wenye jedwali la bei, uufungue kwenye kompyuta (simu itakusumbua bure), kisha bonyeza Ctrl na U. Utaona maandishi ya ndani ya ukurasa, yamejaa alama. Bonyeza Ctrl na F, tafuta NMB. Ukiiona na bei yake iko jirani, ukurasa huo unafaa. Usipoiona, ujue bei zinachorwa baadaye na JavaScript, yaani programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari, na IMPORTHTML haitapata kitu hata ukeshe. Hama ukurasa.

Ukishapata unaofaa, fungua shiti mpya iite Bei, na kwenye A1 andika =IMPORTHTML("anwani ya ukurasa","table",1). Ile 1 ni jedwali la kwanza. Likija la menyu au la kitu kingine, jaribu 2, halafu 3. Shiti hiyo usiandike kitu kingine chochote, maana seli moja tu ikiwa na neno njiani, jedwali lote linagoma na unaona #REF!. Kama kompyuta yako inakataa mikato (,) kwenye fomula, weka nukta-mkato (;). Inategemea nchi uliyochagua kwenye mipangilio ya faili.

Kwenye shiti ya kikundi, ikiwa A2 ina neno NMB, andika =VLOOKUP(A2,Bei!A:F,2,FALSE), fomula inayotafuta neno hilo kwenye shiti ya Bei, na badala ya 2 weka namba ya safu wima yenye bei. Usiiache hiyo FALSE. Bila hiyo inaweza kukuletea bei ya jirani yake kwenye orodha. Na namba ikiwa imeegemea kushoto mwa seli, hiyo ni maandishi, haitazidishwa vizuri. Ondoa mikato kwa SUBSTITUTE, kisha ifunge ndani ya VALUE.

Sasa hilo la papo kwa papo. IMPORTHTML inajisasisha kila saa, shiti ikiwa wazi, na kwa kikundi chenu inatosha na kubaki. Zipo hisa pale DSE zinazomaliza siku bila kuuzwa hata moja, kwa hiyo bei unayoiona ni ya mauzo ya mwisho, yaliyofanyika lini sijui. Wala si pesa mkononi. Mkitaka kuuza, lazima apatikane mnunuzi, na dalali naye achukue chake.

Kinachomaliza kelele ni tarehe. Kabla ya kikao, nakili bei zote, nenda shiti ya tatu, zibandike kwa Ctrl, Shift na V ili zibaki namba tupu zisizobadilika, na pembeni andika tarehe. Iandike na kwenye muhtasari: thamani ya hisa zetu kwa bei ya tarehe fulani. Akitokea mwenye simu na bei yake, mwambie kwanza asome ni ya siku gani.