Dopla ya shingo imesoma kawaida ila mgonjwa wa ajali anaishiwa nguvu, nifanyeje?

Swali: Shikamoo dokta. Nina kijana wa ajali ya boda, leo siku ya pili. CT ya kichwa haina damu, lakini tangu asubuhi mkono na mguu wa kulia vinaishiwa nguvu. Dopla ya shingo, yaani ultrasound ya mishipa ya damu, imesoma kawaida. Niridhike?

Jibu: Marahaba. Hapana, usiridhike kabisa. Udhaifu wa upande mmoja ambao CT ya kichwa haiuelezi, tena baada ya ajali, mimi nashuku ateri ya shingo (mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo) kwanza, na kwa huyu naanza na karotidi, ateri kubwa ya mbele ya shingo, ya kushoto, maana upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoendesha mkono na mguu wa kulia. Shingo ikivutwa au kupindishwa ghafla utando wa ndani wa ateri unachanika, damu inaganda pale, bonge likichomoka linapanda kwenye ubongo, na mara nyingi stroku (kiharusi) yenyewe inakuja baada ya masaa 10 hadi 72, ndo maana wengine wanafika wanaongea vizuri tu halafu wodini mambo yanabadilika.

Dopla naikubali sana kwa wazee wenye mafuta kwenye mishipa, ila hapa haitoshi. Karotidi hupenda kuchanika juu kule karibu na fuvu, probu (kile kifaa cha dopla) haifiki, na ateri za vetebra, zile za nyuma ya shingo, zinapita kwenye matundu ya mifupa ya shingo ambako mawimbi yanakwama. Kwa hiyo hiyo "kawaida" ni ya kile kipande ulichokiona tu.

Omba CT angio, yaani CT ya mishipa ya damu kwa kontrasti (dawa ya kung'arisha mishipa), kuanzia upinde wa aota, mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo, mpaka utosini, slaisi (vipande vya picha) zisizidi milimita 1. Kanula namba 18 au 20, mkono wa kulia, maana ukipiga kontrasti kushoto inabaki kwenye vena inayokatiza mbele ya aota na kuchafua picha. Kreatinini, kipimo cha figo, pima, ila usikae kuisubiri.

Kwenye ripoti dai gredi ya Biffl, yaani daraja la ukali wa jeraha la ateri: 1 ni mshipa kubana chini ya asilimia 25, 2 ni 25 kwenda juu au kuna bonge au utando ulioinuka, 3 ukuta umefanya kifuko, 4 umeziba, 5 umekatika na damu inamwagika, huyo ni wa dharura palepale. Wengi waliobaki wanapewa aspirini au heparini kama hakuna sehemu nyingine inayovuja damu, hilo amua na daktari wa upasuaji, halafu picha inarudiwa siku ya 7 hadi 10.

Kama kwenu CT angio haipo mpe rufaa leo leo, kola shingoni, na CD ya picha za kichwa aende nayo.