Riwaya za huzuni: anza na Utengano

Umeuliza riwaya ya huzuni ambayo mhusika hupoteza kila kitu kisha anainuka. Soma Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980). Maimuna anafungiwa ndani na babake Maksuudi, anatoroka, ulevi na ukahaba vinammaliza, halafu anarudi kujijenga upya. Mimi nililia zaidi pale anapoinuka kuliko pale anapoanguka.

Ukimaliza, tafuta Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed: binti aliyetupwa na baba tajiri, anayepata utulivu wake shambani pamoja na Sulubu, hadi ardhi hiyo nayo inapogombaniwa. Lugha yake tamu mno!

Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971) ni nzuri sana, lakini Rosa hainuki. Anajiua. Kama umefiwa na msiba bado mbichi, isubirishe kwanza.