Prosesa Haifi Kirahisi: Kwa Wanaoanza Ufundi wa Kompyuta Tanga

Kaskazi ikianza kuvuma, Desemba kwenda Machi, meza za mafundi pale Ngamiani hujaa mashine zenye ugonjwa mmoja: inawaka vizuri, inakaa robo saa, inazima. Fundi mgeni akiiona tu hutoa hukumu: "Mama, prosesa imekufa." Mama wa watu anaondoka kichwa chini, anapita kwa fundi wa barabara ya pili, anatengenezewa kwa bei ya pesti (ute unaopakwa juu ya prosesa kupitisha joto) na ya kupuliza vumbi. Tangu siku hiyo hutamwona tena dukani kwako, wala jirani zake hutawaona.

Ukweli ni kwamba katika kompyuta kuukuu prosesa, ile chipu inayofanya mahesabu yote, ndiyo hufa mwisho. Hutangulia feni, hukauka pesti, huvimba kapasita (vikopo vidogo vya kutunza umeme kwenye bodi), hulegea pini zinazoshika hitisinki, lile pande la chuma lenye mapezi linaloondoa joto la prosesa. Prosesa yenyewe ina kinga ndani yake. Tangu Pentium 4 ilipotoka Novemba 2000, Intel iliweka utaratibu wa kupunguza kasi joto likipita kiwango. Likiendelea kupanda, mashine inazimwa kabla silikoni haijaungua. Kwa hiyo mteja anayelalamika kwamba kompyuta imekuwa nzito, na yule anayelalamika kwamba inazima, mara nyingi wameleta shida moja iliyo katika hatua mbili. Ukikimbilia kuweka Windows upya kwenye mashine nzito bila kuangalia joto, utakula hela ya bure, na wiki ijayo itarudi.

Zipo prosesa zisizo na kinga hiyo. Athlon za kwanza za AMD, za Socket A (soketi ni kikao cha prosesa kwenye bodi), hazikuwa na cha kuziokoa. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilionyesha video ya prosesa zilizovuliwa hitisinki zikiwa zinafanya kazi: Pentium 4 ilipunguza mwendo ikaendelea, Athlon ikaungua papo hapo. Hizo siku hizi ni nadra kuletwa, lakini ikija mojawapo, usiiwashe bila hitisinki hata kwa "nijaribu tu kidogo". Na usiibane kwa nguvu upande mmoja, maana kipande cha silikoni kiko wazi juu bila kifuniko cha chuma, na kona yake humeguka.

Kabla ya kushika bisibisi, jua mashine iliyo mbele yako inatoa joto kiasi gani. Namba hiyo inaitwa TDP, na hupimwa kwa wati. Si kipimo cha juu kabisa cha umeme unaoliwa. Ni kiwango cha joto ambacho mtengenezaji anataka hitisinki iweze kukiondoa. 486 za mwanzoni zilikuwa zikikaa bila feni. Pentium 4 ya aina ya Prescott, iliyotoka Februari 2004, ilianzia wati 89, na ile ya GHz 3.8 ikafika 115. Pentium D 840, ambayo ni kama Prescott mbili ndani ya kifuniko kimoja, ilifika 130. Halafu mwaka 2006 ikaja Core 2 Duo: E6600 wati 65, na kazi inafanya kuzidi hao wote. Hizi za mtumba zilizojaa sasa madukani, i5-2400 ni wati 95, i3-3220 ni 55.

Unaona kwamba joto halikupanda tu mwaka hadi mwaka. Lilipanda mpaka likagonga mwamba, likashuka. Prosesa hula umeme kulingana na kasi yake na mraba wa volti. Ongeza volti kwa asilimia 10, joto linapanda kwa takribani asilimia 21 hata kasi isipoguswa. Zamani kila walipopunguza ukubwa wa transista (swichi ndogo zinazounda prosesa), volti nayo ilishuka, mahesabu yakakaa sawa. Walipofika nanomita 90 za Prescott, umeme ukaanza kuvuja ndani ya transista zenyewe hata zikiwa hazina kazi. Oktoba 2004 Intel ikafuta mpango wake wa kuuza Pentium 4 ya GHz 4. Nakueleza historia hii kwa sababu moja: ukikutana na mashine ya 2004 hadi 2006, tarajia joto kubwa kuliko la mashine iliyoitangulia na kuliko la iliyoifuata.

Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Hitisinki za soketi 775 zinaingiliana zote, matundu ni yaleyale. Ile ya Core 2 Duo mara nyingi ni fupi, alumini tupu. Ya Pentium D ni nene, yenye shaba katikati. Kijana anaona feni ya Pentium D imekufa, anachomoa hitisinki fupi kwenye boksi la spea, inakaa vizuri, mashine inawaka, mteja analipa. Akifungua faili kubwa tu inaanza kujikokota. Kuingia kwenye tundu hakutoshi, ulizia wati. Soketi 1155 na ndugu zake matundu yake yamepishana milimita 3 na ya 775, hivyo hapo angalau haitakubali.

Sasa kazi yenyewe. Vumbi la kwetu si la Dodoma. Hapa bahari ipo jirani, unyevu ni mwingi, vumbi linashikana baina ya feni na mapezi ya hitisinki mpaka linakuwa tabaka unaloweza kulibandua kwa kucha. Ukitazama kwa juu, feni inazunguka na unaona safi. Vua feni ndiyo uone. Mashine inayotoka duka lililopakana na mashine ya kusaga unga, usiifungulie ndani. Toka nje, shika mapanga ya feni kwa kidole ndipo upulize, kwa sababu ukiiacha izunguke kwa nguvu ya blowa unaua beringi. Upepo wa gereji, ule wa kujazia matairi, uache. Una maji ndani yake.

Kuvua hitisinki kwenye AMD za zamani, kama soketi 939 na AM2, kuna mtego. Pesti ikikauka inagandisha, ukivuta juu kwa haraka prosesa inang'oka pamoja nayo huku soketi ikiwa bado imefungwa, na pini zinapinda. Washa mashine dakika chache ili pesti ilainike, zima, chomoa waya wa umeme, kisha zungusha hitisinki kushoto na kulia taratibu mpaka iachie. Usiwe na haraka. Kunyoosha pini kwa ncha tupu ya penseli ya kubonyeza, risasi ikiwa imetolewa, kunawezekana, ila ni kazi ya macho makali na moyo mtulivu.

Futa pesti ya zamani yote, juu ya prosesa na chini ya hitisinki, kwa kitambaa laini na alkoholi ya aisopropili, mpaka kitambaa kisitoke na rangi ya kijivu. Pesti mpya ni tone la ukubwa wa punje ya mchele, katikati. Kazi yake ni kujaza mianya midogo ambamo hewa ingekaa. Ikiwa nene inakuwa blanketi. Wanaopaka dawa ya meno wapo, na siku ya kwanza vipimo vinaonekana vizuri kabisa. Ikikauka, ndiyo wateja wanakuja kwetu.

Kwenye 775 zenye pini nne za plastiki, hakikisha vichwa vyote vimezungushwa kinyume cha mshale, kisha bonyeza kwa kukingamisha, kona hii halafu ya mkabala, kila moja usikie "ta". Halafu geuza mazabodi (bodi kuu), tazama chini kwamba ncha zote nne zimetokeza. Pini moja tu isiyoshika inatosha kuinua upande wa hitisinki, na mashine yote itakusumbua. Mimi nikipokea kompyuta iliyokwisha pita kwa fundi mwingine, naanza na pini hizi kabla sijauliza swali.

Zipo kesi (makasha ya kompyuta) za wakati ule zenye bomba la plastiki linaloongoza hewa kutoka feni ya mbele mpaka kwenye hitisinki. Mpangilio huo uliitwa BTX, Intel iliuleta 2004 kwa ajili ya joto hilohilo la Prescott. Lile bomba si pambo. Nimeona limetupwa kwa kuwa linazuia mkono kufika kwenye RAM.

Kupima joto, usitegemee namba ya BIOS (programu ndogo ya kwenye bodi inayoamsha mashine) peke yake. Mle ndani prosesa nyingi hazipumziki, kwa hiyo husoma juu kidogo kuliko ukiwa umetulia kwenye Windows. Programu ya HWMonitor inasaidia kwa Pentium 4. Core Temp ni ya Core na kuendelea. Pima ikiwa kwenye kazi nzito, na pima katika joto la pale itakapokaa. Hitisinki haiwezi kushusha joto chini ya hewa inayoizunguka. Prosesa inayopanda nyuzi 40 juu ya hewa ya chumba, kwenye ofisi yenye kiyoyozi cha nyuzi 22 itasoma 62. Ipeleke steshenari ya mabati Makorora saa nane mchana, hewa ikiwa 35, inasoma 75, na hujaongeza wala kupunguza kitu. Ndiyo maana mteja anakuambia, "Kijana, kwako ilikuwa nzima." Anasema kweli.

Ukiwa umefungua, tupia macho kapasita zinazozunguka soketi. Vichwa vikiwa vimevimba au vimetoa ute wa kahawia, joto limekwisha fanya kazi yake. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wa kapasita hizi kwa nusu. Hapo pesti haisaidii. Badilisha kapasita zenye volti ileile au zaidi na ujazo uleule, za aina ya kuvumilia nyuzi 105.

Mteja mwenye Pentium D akikuuliza kama anaweza kuwekewa Core 2 Duo apunguze joto na umeme, usimwambie ndiyo kwa kuwa soketi ni 775 ileile. Soma chipseti kwanza, yaani chipu za bodi zinazounganisha prosesa na sehemu nyingine. Bodi za 915 hazikubali. Za 945, baadhi tu, tafuta jina la bodi kwenye tovuti ya mtengenezaji uone orodha ya prosesa na toleo la BIOS linalohitajika. Za 965 zinakubali Core 2 Duo za mwanzo. Na BIOS uibadilishe prosesa ya zamani ikiwa bado ipo ndani, siku ambayo una uhakika wa umeme au una UPS.