Kabla ya Bango, Nani Ana Ufunguo wa Nyumba Yako?

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa Nakuru aliniandikia. Yeye na wenzake wanane walianzisha kikundi cha kusoma siasa, wakakutana mara sita, na sasa wamebaki watatu. "Dada, nyinyi huko Mathare mmefanyaje mkadumu?" Mathare ni mtaa wetu hapa Nairobi. Jibu lilikuwa refu, nikaona niliandike hapa, maana wengi wenu mnaonisoma mna kikundi cha namna hiyo au mnatamani kuwa nacho.

Nitaanza na mlango wangu.

Tarehe 7 Julai 2020 tuliandamana. Ilikuwa Saba Saba, miaka thelathini tangu ile ya 1990 ya kudai vyama vingi. Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi kwa sababu ya korona. Mimi hushona sare za shule, kwa hiyo cherehani ilikuwa imelala na kodi ya miezi miwili ilikuwa inanidai. Mwanangu, wakati huo ana miaka saba, nilimwacha kwa jirani nikamwambia nitarudi mchana. Mchana ukanikuta kwenye gari la polisi, na usiku nikalala seli.

Kesho yake tulitoka kwa bondi. Nje ya kituo makomredi walikuwa wanatungoja, ngumi juu, nyimbo, simu zinapiga picha. Walinibeba juu juu. Nilijisikia mkubwa kuliko mji mzima. Picha yangu ilizunguka siku nzima, kisha kila mtu akashika njia yake.

Nilipofika ploti nilikuta kufuli lisilo langu mlangoni, kubwa, jipya, bado lina karatasi ya bei. Mwenye nyumba alisikia nimeshikwa, akaamua sitalipa tena. Nilikaa juu ya ndoo nje ya mlango saa kumi na mbili jioni, na kafyu ilikuwa saa tatu. Nikaanza kupiga simu. Wa kwanza hakushika. Wa pili alikuwa kwenye mkutano wa kuandika taarifa kwa wanahabari. Wa tatu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Pole sana komredi, mapambano yanaendelea," akakata. Miaka imepita na bado naisikia sauti yake.

Aliyenipokea ni yule jirani, mama mboga, ambaye hajawahi kukanyaga mkutano wetu. Mwanangu alikuwa ndani kwake, ameshaoga na kula. Alinipakulia githeri, akanitandikia chini, hakuniuliza lolote. Asubuhi alitoa shilingi 1,500 akampelekea mwenye nyumba ili kufuli litoke. Ni baadaye nilipojua kwamba zilikuwa pesa za kununulia mboga sokoni, na kwamba kwa siku mbili meza yake ilikaa tupu kwa ajili yangu.

Miezi mitano iliyofuata sikuhudhuria chochote. Nilishona barakoa.

Kilichonirudisha ni komredi mmoja, fundi wa viatu, aliyekuja Desemba akakaa kwenye benchi langu na kusema, "Tumekukosea. Niambie ilikuwaje." Nilimwambia yote, hata habari ya ndoo. Januari 2021, shule zilipofunguliwa, tulianza upya watu saba, shilingi 50 kila Jumapili, na mweka hazina wetu ni mama mboga. Alikataa mara mbili, akasema yeye si mtu wa siasa. Nilimjibu kwamba katika watu wote ninaowajua, yeye ndiye mwanasiasa wa kweli. Leo tuko ishirini na watatu.

Tuna daftari moja la kurasa 96, limefunikwa kwa gazeti. Kila mtu ana ukurasa wake: kodi yako ni ngapi na hulipwa tarehe ngapi, nani ana ufunguo wako wa pili, mtoto wako yuko shule gani na nani anaruhusiwa kumchukua, unatumia dawa gani, nyumbani kwenu apigiwe nani. Habari za maandamano hatuandiki humo hata neno moja, na tafadhali nanyi msiandike.

Juni 2025, vijana walipotoka kuwakumbuka waliouawa katika maandamano ya mwaka uliotangulia, mmoja wetu alishikwa akakaa ndani siku tisa. Mama mboga alifungua ukurasa wa mwenzetu huyo jioni ile ile. Kodi ililipwa, mtoto alichukuliwa shuleni kila siku, dawa za presha za mama yake zilinunuliwa. Aliporudi alifungua mlango kwa ufunguo wake mwenyewe, akakuta mitungi miwili ya maji imejaa na sukuma wiki juu ya jiko, bado moto. Alikaa kitandani akalia. Mimi nilisimama mlangoni, na sioni haya kusema kwamba nilijivunia kazi yetu kuliko siku ile nilipobebwa.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Nakuru, anzeni na kodi. Vitabu vitasomwa, lakini mtu anayefikiria mwenye nyumba hasikii unachosoma. Anzeni na kodi, na mjue watoto wa wenzenu kwa majina. Na wanaume wapike. Kwetu miezi ya kwanza wanawake walikuwa jikoni na wanaume wanachambua ubepari sebuleni, tukaweka zamu ukutani. Wawili walinuna, mmoja akaondoka. Aende tu.

Haya hatukuyabuni sisi. Pio Gama Pinto, mpigania uhuru wa Kenya, kabla ya kuuawa Februari 1965, alihangaika kutafuta fedha za familia za waliowekwa kizuizini na wakoloni. Kina mama waliogoma kula katika bustani ya Uhuru Park, Nairobi, kuanzia tarehe 28 Februari 1992, wakidai watoto wao wafungwa wa kisiasa waachiliwe, walipigwa na kurushiwa vitoa machozi, wakahamia kanisa la All Saints na kukaa huko karibu mwaka mzima. Mwaka mzima! Hakuna anayekaa hivyo bila mtu wa kumletea blanketi na chai. Na Juni 2024, vijana walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha uliotaka kuongeza ushuru, sote tuliona: watu walichanga bili za hospitali kwa simu, mawakili wakajitolea, na tarehe 26 Rais akakataa kuutia saini mswada huo. Lakini Julai kodi ya nyumba ilifika kama kawaida, na wengi waliobaki na majeraha walibaki nayo peke yao.

Linaniuma hilo. Tunaitana komredi asubuhi na jioni, na hatujui mwenzetu amelala njaa. Mnaoongoza vikundi, acheni kuhesabu waliokuja kuandamana. Hesabuni waliokula jana.

Wale sita walioacha kuja, usiwatumie ujumbe kwenye kundi la WhatsApp. Nenda nyumbani kwa wa kwanza kuacha, leo jioni kama unaweza. Beba pakiti mbili za unga, umuulize kodi yake hulipwa tarehe ngapi, na umsikilize. Halafu niandikie alisema nini.