Kabla ya ahame au abaki, nani atatia saini?

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Mzazi anayelea mtoto peke yake akiitwa ng'ambo na ndugu zake, ahame au abaki?" Limenigusa penyewe. Jibu langu ni ahame. Mtu anayelea peke yake, ambaye akipata homa hana hata wa kumchemshia maji, akiitwa na damu yake anangoja nini tena? Mimi ni baba. Nina binti wa miaka tisa, na dada yangu yuko Kanada. Kila tukiongea kwenye simu wimbo wake ni ule ule: "Kaka, fungeni mizigo mje, chumba kipo." Mnawajua ndugu wa ng'ambo wakishika simu. Chumba huwa hakikosekani.

Ila swali lenu limeruka hatua. Mmemweka mzazi kama mtu anayeamua peke yake usiku, asubuhi akaondoka. Mimi ningetangulia kuuliza: anaondoka kwa ruhusa ya nani?

Tuanze na hao ndugu. Wengi wetu tunaamini dada akishapata uraia basi mlango umefunguka. Kanada, kwa kawaida, haimruhusu raia wake kumdhamini kaka au dada aliye mtu mzima. Inawakubali ndugu yatima walio chini ya miaka 18 ambao hawajaoa wala kuolewa, pamoja na nafasi moja finyu kwa mdhamini asiye na jamaa wa karibu kabisa. Marekani raia aliyetimiza miaka 21 anaweza kumwombea ndugu yake, lakini nafasi za kundi hilo ni kama 65,000 kwa mwaka kwa dunia nzima na foleni yake hupita miaka 15. Mtoto huingia kwa mgongo wa mzazi akiwa chini ya miaka 21 na hajaolewa, kwa hiyo huyu wangu wa miaka tisa, zamu yetu ikifika, huenda ameshavuka umri. Uingereza nako, ili umfuate dada, lazima uwe mzee, mgonjwa au mlemavu unayehitaji kuhudumiwa kila siku, na huduma hiyo isipatikane ulipo. Mimi namshukuru Mungu ninajiweza.

Kwa hiyo huko "kuungana na ndugu", kwa walio wengi, ni kwenda kwa viza yako mwenyewe, ya kazi au ya masomo, halafu ndugu akupokee uwanja wa ndege. Si haba. Lakini sicho wanachosema kwenye simu.

Sasa njooni kwa mtoto. Mjane ana cheti cha kifo. Aliyetalikiwa akakabidhiwa mtoto ana hukumu ya mahakama. Sisi ambao mwenzetu aliondoka tu, tukaachana kwa maneno, tuna nini mkononi? Cheti cha kuzaliwa chenye majina mawili. Mimi ndiye niliyejifunza kusuka ukubwani, mimi ndiye ninayeitwa shuleni, ila mbele ya ofisa wa viza wazazi bado ni wawili. Kanada wanataka tamko la mzazi asiyesafiri. Uingereza, mtoto akiomba kumfuata mzazi mmoja, mzazi huyo huulizwa kama jukumu la malezi ni lake pekee, na athibitishe: barua za shule, za hospitali, nani alilipa, nani aliamua.

Ukiona yote hayo ni usumbufu ukaamua kupenya, kuna Mkataba wa The Hague wa 1980, ambao nchi zaidi ya 100 zimejiunga nao. Mtoto wa chini ya miaka 16 akihamishwa kutoka nchi mwanachama hadi nyingine bila ridhaa ya mzazi mwenzako mwenye haki ya malezi, mahakama ya huko inaweza kuamuru arudishwe alikotoka, na kesi ya malezi isikilizwe huko. Yaani wewe uliyemlea unahesabiwa mnyakuzi wa mwanao.

Basi nikaenda kwa mama yake.

Ameolewa kwingine, ana mtoto mwingine mchanga. Mume wake alinipokea kwa heshima, akambeba mtoto wakatoka nje kutuachia nafasi, na kwa hilo namshukuru. Nilijua shughuli ni ya dakika tano. Barua ilikuwa ukurasa mmoja, imeandaliwa na wakili: jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti, na kwamba mama anaridhia mtoto akaishi nje ya nchi na baba yake. Mwenzangu akainuka akaleta miwani. Sikuwahi kumwona na miwani. Akasoma kwa kupitisha kidole chini ya kila mstari. Alipofika kwenye "bila ukomo wa muda" kidole kikasimama.

"Hii maana yake nini?"

Nikamwambia ni lugha ya mawakili tu.

"Lugha ya mawakili ndiyo inayofunga watu jela." Akaendelea kusoma. Alipomaliza akarudi juu, akaanza tena. Kisha akauliza, "Shule zikifungwa nitamwona?" Nikamweleza habari za nauli. "Akiugua, nani atanipigia?" Nikasema mimi. "Na ukiugua wewe?"

Nikasema dada yupo.

"Dada yako anafanya kazi usiku."

Kweli. Dada analea wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, anaingia jioni anatoka asubuhi. Lakini yeye alijuaje? Kumbe mtoto wakiongea humsimulia kila kitu. Alishamwambia mama yake kwamba wakifika huko atakuwa analala taa ikiwaka, kwa sababu shangazi hayupo usiku na baba naye akipata kazi huenda ikawa ya usiku. Ameshapanga hata taa gani, ile ya kubana kwenye ubao wa kitanda, ili asinisumbue nikiwa nimelala mchana. Mimi hakuwahi kuniambia.

Mama yake akachukua kalamu, lakini kabla ya kutia saini akaandika kwa mkono chini kabisa, "Likizo ndefu aje kwangu." Ndipo akasaini. Nikapeleka kwa wakili. Wakili akatazama akatikisa kichwa: barua yenye mstari wa mkono namna hii itazua maswali, ichapwe upya, na asaini tena mbele ya shahidi. Nilitoka pale nimefura. Mtu ambaye ukimuuliza mwanawe anavaa kiatu namba ngapi hajui, leo ananiongezea masharti!

Nilipoanza kuandika hapa nilikusudia kuwaambia wasomaji kwamba saini hii ni uonevu kwa wanaolea. Bado naamini imekaa vibaya. Anayelea na asiyelea wanapewa kalamu ya ukubwa mmoja, na wako watu wanaoitumia kukomoa au kudai fedha. Lakini fomu zote nilizojaza zimeniuliza nina kiasi gani benki, nimesoma hadi wapi, nimewahi kushtakiwa au la. Iliyoniuliza nikiugua itakuwaje haipo. Aliyeniuliza ni yule niliyemwona hana haki ya kuniuliza chochote.

Kwa hiyo, najua nilianza kwa kusema ahame, ila kwa mtu wa hali yangu, ambaye ndugu aliyeko huko ni mmoja na anafanya kazi za zamu, naona abaki kwanza. Akishaingia kazini huko atakuwa analea peke yake vile vile, na jirani wa kumgongea mlango usiku hatakuwa naye. Wenye ndugu watatu wanne wanaokaa karibu karibu, au wenye bibi na babu wa mtoto huko huko, hao wasinisikilize, waende. Mwenye mtoto wa miaka 15 amuulize mtoto. Na mimi mwenyewe msinishike sana kwa neno langu: barua imeshachapwa upya, ule mstari wa likizo umo ndani, na shahidi ameshapatikana. Pengine mkichapisha haya tutakuwa tumeshasaini.

Jambo moja tu nisilotaka msomaji alichukue kutoka kwangu. Kama mzazi mwenzako ni mtu wa kupiga au kutishia, usiende nyumbani kwake na barua. Tafuta wakili na uanzie mahakamani, uombe amri ya malezi na ruhusa ya kuhama na mtoto. Hata ule mkataba wa 1980 unairuhusu mahakama kukataa kumrudisha mtoto panapokuwa na hatari kubwa ya kudhurika, lakini ushahidi ni wa kukusanya mapema, ungali hujaondoka.