Leseni ya daraja B ya Uingereza: Luton, trela na basi la kwaya

Swali: Nilifaulu mtihani wa udereva hapa Uingereza mwaka 2019, kwa gari la otomatiki. Mwezi ujao tunahama Leicester kwenda Reading, nataka kukodi gari la mizigo na ikibidi nivute trela. Kwaya yetu nayo inaniomba niendeshe basi dogo la abiria 16. Leseni yangu inaruhusu?

Jibu: Dada, kabla hujalipia chochote, geuza kadi ya leseni. Kwenye mstari wa B, yaani daraja la magari ya kawaida, safu ya 12, utakuta namba 78. Hiyo ni otomatiki tu, na sharti hilo linakufuata kwenye kila gari nitakalolitaja hapa. Luton nyingi za kukodi, yaani magari ya mizigo yenye boksi kubwa nyuma, ni za gia za mkono, kwa hiyo uliza mapema. Ukiendesha ya gia za mkono peke yako, faini yaweza kufika pauni 1,000 pamoja na pointi 3 hadi 6. Bima nayo ikikataa kukutambua, hilo ni kosa jingine la pointi 6 hadi 8.

Sasa uzito, maana hapa ndipo wengi wanapokwama. Daraja B linaishia kilo 3,500 (za umeme 4,250, tangu Juni 2025). Kipimo hicho si cha gari tupu: ni gari, mafuta, watu na mizigo kwa pamoja. Tafuta kibati kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti. Kwa kawaida kina namba nne: ya kwanza ni uzito wa juu wa gari, ya pili ni gari pamoja na trela, ya tatu na ya nne ni uzito wa juu wa ekseli (mhimili wa magurudumu) ya mbele na ya nyuma. Luton yenye lifti ya kupakilia hubakiwa na nafasi ya mizigo ya tani moja hivi, pengine chini yake, na maboksi ya vitabu huimaliza haraka. Friji na mashine ya kufulia viweke mbele, karibu na dereva. Vikirundikwa mlangoni, ekseli ya nyuma huzidiwa hata kama jumla haijafika 3,500. Lori la tani 7.5 liache. Wanaoliendesha kwa leseni ya kawaida ni waliofaulu kabla ya 1 Januari 1997.

Trela unaruhusiwa. Tangu 16 Desemba 2021 daraja B linabeba trela ya hadi kilo 3,500, ila gari lenyewe ndilo lenye neno la mwisho: toa namba ya kwanza ya kibati kwenye ya pili. Kama ni 2,100 na 3,700, trela iliyojaa isizidi 1,600. Isiyo na breki mwisho wake ni 750, au nusu ya uzito wa gari likiwa tupu, ile iliyo ndogo.

Kuhusu kwaya, inawezekana ukiwa na miaka 21 au zaidi lakini hujafika 70, leseni ina angalau miaka miwili, basi halizidi kilo 3,500, halivuti trela, hulipwi, na safari ni ya kikundi kisicho cha biashara, ndani ya Uingereza tu. Waimbaji wakichangishwa nauli, kikundi kiwe kwanza na kibali cha kifungu cha 19 (Section 19 permit), kinachoruhusu vikundi visivyo vya biashara kutoza nauli. Na basi lenyewe liwe otomatiki.