Maswali ya Wasomaji: Upanga wa Mkelti na Beleshi la Mrumi

Tangu tulipogusia habari za dola ya Rumi katika toleo lililopita, barua kutoka Arusha na Moshi zimekuwa nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Nyingi zinauliza juu ya Wakelti, yaani wale watu wa Ulaya ya kale ambao Warumi walipigana nao kwa karne kadhaa. Nimechagua nne.

*Ndugu mwandishi, mimi ni mpagazi wa mlimani. Nimewasikia waongoza watalii, zaidi ya mara moja, wakiwaambia wageni kwamba Wamaasai ni wazao wa kikosi cha Warumi kilichopotea, na kwamba sime ni upanga wa Kirumi na shuka nyekundu ni joho la askari wao. Je, lina ukweli? (Msomaji, Sanawari, Arusha)*

Halina ukweli, ndugu yangu, ingawa najua kwamba wageni hulipenda. Wamaasai walifika katika nyanda hizi za kaskazini karne chache tu zilizopita, ilhali dola ya Rumi ya magharibi ilikwisha mwaka 476 B.K., kwa hiyo kati ya mambo hayo mawili lipo pengo la zaidi ya miaka elfu moja. Shuka ni nguo ya dukani iliyochukua nafasi ya ngozi. Tazama picha za morani zilizopigwa mwishoni mwa karne ya 19 utaona walivyokuwa wakivaa. Sime nayo ina wafuaji wake wanaojulikana, kwanza Ilkunono, ambao ndio wahunzi wa Kimaasai, na pia wahunzi wa Kichagga kama wale wa Mamba, ambao mpaka leo ukipita karibu nao utasikia nyundo.

Si kwamba watu wa pwani yetu hawakuwa na habari na ulimwengu wa Kirumi. Kitabu kimoja cha mwongozo wa mabaharia, kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1 B.K., kinataja bandari ya Rhapta katika pwani hii na kusema kwamba wafanyabiashara walileta huko mikuki, mashoka na visu kutoka Muza, nchini Yemen, wakapata pembe za ndovu. Hiyo ilikuwa biashara, tena mikononi mwa Waarabu kwa sehemu kubwa. Kikosi hakikuja.

Lakini swali lako lina utamu ambao huenda hukuukusudia, kwa sababu upanga wa Kirumi wenyewe haukuwa wa Kirumi. Ule upanga mfupi wa kuchoma, uliompa askari wa Rumi sifa yake, Warumi wenyewe waliuita upanga wa Kihispania, maana waliuchukua kwa watu wa Uhispania wakati wa vita vyao na Carthage, dola ya Afrika Kaskazini. Deraya ya pete za chuma, mwandishi wao Varro anakiri kwamba ilitoka kwa Wakelti wa Gallia, yaani Ufaransa ya leo na majirani zake. Kofia ya chuma yenye kinga za mashavu ilitoka kwa Wakelti. Tandiko la farasi lenye pembe nne, lililompa mpandaji mahali pa kujikaza kabla vikuku vya miguu havijajulikana Ulaya, inaelekea nalo lilitoka huko huko. Kwa hiyo yule askari anayechorwa vitabuni kama Mrumi halisi, mkimvua vitu vya Wakelti, atabaki na ngao na baridi.

*Shikamoo mwandishi. Nafundisha historia katika sekondari moja hapa Moshi. Wanafunzi wananiuliza: kama Wakelti walikuwa mahodari wa chuma kiasi hicho, na waliwahi hata kuuteka mji wa Roma, kwa nini mwishowe walishindwa? Na hasa walikuwa nani?*

Marahaba, mwalimu. Nianze na la pili. Wakelti hawakuwa taifa moja wala hawakuwa na mfalme mmoja. Walikuwa jamii nyingi zenye lugha za ukoo mmoja, zilizoenea kutoka Uhispania na Uingereza, kupitia Gallia, ambayo leo ni Ufaransa, Ubelgiji na sehemu za Uswisi na Italia, hadi Anatolia. Wasomaji wa Biblia wanawafahamu bila kujua, kwani jina la Wagalatia ni la Wakelti waliovuka kuingia Anatolia mwaka 278 K.K. wakakaa katika nchi iliyouzunguka mji ambao leo ni Ankara.

Ni kweli pia kwamba waliuteka mji wa Roma, mwaka 390 K.K. kwa hesabu ya jadi ya Warumi. Mwanahistoria Livy anasimulia kwamba fidia iliyotakiwa ilikuwa ratili 1,000 za dhahabu, na Warumi walipolalamika kwamba mawe ya mizani yamezidishwa, kiongozi wa Wakelti, Brennus, aliutupa upanga wake juu ya mawe hayo na kusema: ole wao walioshindwa. Warumi hawakuisahau aibu hiyo.

Sasa, kwa nini walishindwa? Vitabu vya zamani vitakuambia kwamba silaha zao zilikuwa duni. Polybius, Mgiriki aliyeandika historia ya Warumi, anadai kwamba katika vita vya mwaka 223 K.K. panga za Wakelti zilipinda kwa pigo la kwanza, na mwenye upanga akalazimika kuukanyaga chini aunyooshe huku Mrumi akimjia. Nimemwona mhunzi akilinyoosha bapa lililopinda kwa namna hiyo hiyo, kwa kisigino, kwa hiyo sisemi haiwezekani kwa chuma laini. Ila panga za Wakelti zilizochimbuliwa zinatofautiana sana kwa ubora, na nyingi ni kazi safi. Tena, katika patakatifu pa kale pa Gournay-sur-Aronde, kaskazini mwa Ufaransa, wanaakiolojia walikuta silaha nyingi zilizokunjwa kwa makusudi, kwa kuwa silaha iliyotolewa kwa miungu iliharibiwa kwanza. Mgeni akiona lundo la namna hiyo, ni rahisi aondoke na hadithi ya panga za ovyo.

Mimi naona jibu liko kwenye beleshi na kwenye gunia la ngano. Jeshi la Mkelti lilikuwa la wakulima na wafugaji waliomfuata mkuu wao, wakahitaji kurudi shambani. Askari wa Julius Caesar, jemadari wa Rumi aliyepigana Gallia kuanzia mwaka 58 K.K., alikuwa mtu wa mshahara ambaye kila jioni ya safari, akiwa amechoka na amebeba mzigo, alichimba handaki na kuinua boma la udongo kabla ya kulala. Wanane walilala hema moja, wakawa na jiwe moja la kusagia, na kila mmoja alipewa ngano inayokaribia kilo moja kwa siku, aisage mwenyewe.

Yaliyotokea Alesia mwaka 52 K.K. yanaonyesha nguvu ya beleshi hilo. Vercingetorix, kijana wa Waarverni aliyefanikiwa kuziunganisha jamii nyingi za Gallia, alikuwa ameelewa kwamba Warumi hushindwa kwa njaa, hivyo aliamuru miji ya watu wake ichomwe ili adui akose chakula. Zaidi ya miji 20 ya Wabituriges, mojawapo ya jamii hizo, iliteketezwa kwa siku moja. Alipokwama katika ngome ya Alesia, Caesar hakuishambulia. Aliizungushia boma la maili 10 za Kirumi, yaani kama kilomita 15, kisha akajenga jingine la maili 14 likitazama nje, dhidi ya jeshi la msaada alilojua litakuja. Hilo la pili, kama kilomita 21, ni karibu na mwendo wa kutoka Arusha mjini kwenda Usa River, na wote ulichimbwa kwa mikono. Mbele yake kulikuwa na mashimo ya futi 3, ndani mna mti mnene kama paja, umechongwa ncha na kuunguzwa motoni, ukachomoza vidole vinne tu juu ya udongo, na juu yake vijiti na majani. Askari waliyaita mashimo hayo mayungiyungi, kwa umbo lake.

Chakula kilipokwisha, waliokuwa ndani waliwatoa nje wenyeji wa mji, pamoja na wake na watoto wao. Walikwenda hadi boma la Warumi wakiomba wachukuliwe hata utumwani, mradi wale. Caesar aliweka walinzi wawazuie. Anaandika jambo hilo kwa sentensi chache kavu, kisha anaendelea na habari nyingine.

Vercingetorix alijisalimisha, akawekwa kifungoni miaka sita, akauawa Roma mwaka 46 K.K. baada ya kupitishwa katika gwaride la ushindi. Wanafunzi wako, mwalimu, waliokulia karibu na mahali Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Moshi, aliponyongwa na Wajerumani mwaka 1900, hawatahitaji maelezo marefu. Waambie pia kwamba si Wakelti wote walikuwa upande wake: Waaedui walikuwa marafiki wa Rumi kwa muda mrefu, wakajiunga naye wakiwa wamechelewa. Hilo nalo halitawashangaza.

*Je, ni kweli walipigana uchi? (Mwanafunzi, Moshi)*

Baadhi yao, baadhi ya nyakati. Katika mapigano ya Telamon, mwaka 225 K.K., kundi la Wagaesatae walisimama mstari wa mbele wakiwa na silaha tu mwilini, lakini katika jeshi hilo hilo Wainsubres na Waboii walivaa suruali na majoho mepesi. Suruali yenyewe Warumi waliicheka kwa vizazi, mpaka walipokwenda kukaa kwenye baridi ya kaskazini wakaivaa. Kumbuka tu, mwanangu, kwamba anayesimulia daima ni Mgiriki au Mrumi. Makuhani wa Wakelti, Wadruidi, ambao Caesar anasema baadhi yao walisoma hata miaka 20, waliona haifai kuandika elimu yao. Waliishika kichwani, na walipokwisha wao ilikwisha nayo.

*Mimi ni mama ninayepika mbege Marangu. Nataka kujua watu hao walikunywa nini. Walikuwa na pombe yao?*

Shikamoo mama, walikuwa nayo. Posidonius, msafiri wa Kigiriki, anaeleza kwamba matajiri wa Gallia walikunywa mvinyo ulioletwa kutoka Italia, na watu wa kawaida walikunywa pombe ya nafaka, mara nyingine yenye asali, iliyoitwa korma. Walikunywa wote katika chombo kimoja kilichopitishwa, kidogo kidogo lakini mara kwa mara. Wewe una ndizi na kimea cha ulezi. Wao walikuwa na shayiri. Katika karamu, paja la mnyama lilikuwa haki ya shujaa kuliko wote, na mwingine akilidai, walisimama wakapigana. Nyama ya ukoo huko mlimani nayo ina mwenyewe kwa kila kipande, ila sijasikia mtu akifa kwa ajili ya paja.

Mvinyo uliwaharibu. Diodorus, mwanahistoria wa Kigiriki, anasema mfanyabiashara wa Italia alipeleka mtungi mmoja na kurudi na mtumwa mmoja. Mitungi hiyo ya udongo imejaa katika magofu ya miji yao. Baadaye mambo yaligeuka, kwa sababu pipa la mbao, lililofungwa kwa pete na lisilovunjika njiani, lilikuwa kazi ya Wakelti, na Warumi waliuacha mtungi wakalichukua pipa. Sabuni pia: Plinius, mwandishi wa Kirumi, anaitaja kama uvumbuzi wa Wagallia, mafuta ya mnyama na majivu, wakiitumia kuzitia nywele wekundu. Neno lake la Kilatini, sapo, ndilo lililopita kwa Waarabu hadi likafika kwako likiwa sabuni.

Na shayiri? Kwa Warumi ilikuwa adhabu. Kikosi kilichoonyesha woga vitani kilinyimwa ngano kikapewa shayiri. Lakini karibu na mwaka 100 B.K., katika ngome ya Vindolanda kaskazini mwa Uingereza, jeshi la Rumi lilikuwa limejaa watu wa kutoka nchi ambazo leo ni Ubelgiji na Uholanzi. Barua zao, zilizoandikwa kwa wino juu ya vibao vyembamba vya mbao, zilianza kuchimbuliwa mwaka 1973. Moja inamtaarifu mtu juu ya soksi, viatu na nguo za ndani alizotumiwa. Nyingine imetoka kwa ofisa aitwaye Masclus, aliyekuwa kazini mbali na ngome. Anamuuliza mkuu wake kama kesho warudi wote au nusu yao, kisha mwishoni anaongeza kwamba wenzake hawana pombe, na anaomba iagizwe wapelekewe.